Haki ya Mgonjwa Maskini juu ya Jirani Zake

Shukrani zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili wa mwanadamu na kuifanya afya yake kuwa amana. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake, na kila aliyeufuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, tunausiana sote kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Na katika kumcha Mungu ni kuchunga haki za waja wake. Leo tunapenda kuizungumzia haki moja ambayo nusu yake tumeizoea na nusu yake tumeisahau, nayo ni haki ya mgonjwa maskini juu ya jirani zake.

Nusu tuliyoizoea ni kumzuru mgonjwa na kumwombea dua, na akifariki kumwosha, kumkafini, kumswalia na kumzika. Katika mitaa yetu ya Mbagala, Chamazi, Tandika, Tandale na Bunju, ukitangazwa msiba watu huacha shughuli zao. Turubai hufungwa, daftari la rambirambi hufunguliwa, na kabla ya adhuhuri sanda imepatikana, gari limekodiwa na mchele wa hitima umeletwa. Hili ni jambo jema, na asiwepo mtu wa kulidharau.

Lakini na tujiulize: yule tuliyemzika alikuwa wapi juma lililopita? Mara ngapi tumembeba mtu ambaye alilala ndani siku kumi na homa kwa kukosa nauli ya kwenda hospitali na fedha ya vipimo? Fedha iliyochangwa kwa saa moja baada ya kufa kwake, lau ingalichangwa nusu yake tu alipokuwa hai, pengine ingemfikisha kwa tabibu. Ni kweli kwamba kila nafsi ina muda wake uliokadiriwa. Lakini hatukuoneshwa muda huo, bali tumeamrishwa kushika sababu. Anayeacha kumtibu jirani yake kwa hoja ya kadari, mbona yeye akiumwa jino huenda kwa daktari?

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alihimiza watu kujitibu, naye mwenyewe alitumia dawa. Na katika zama zake Bibi Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema lake katika msikiti wa Madina akiwauguza majeruhi, na humo ndimo alimouguzwa Saad bin Muadh baada ya vita vya Handaki. Tazameni basi: uuguzi ulipewa nafasi msikitini, mahali pa ibada. Waislamu waliofuata wakaushika mwendo huo. Sultani Nuruddin alijenga hospitali Damascus mwaka 1154, na Sultani Qalawun akajenga nyingine Cairo mwaka 1284. Hospitali hizo ziliendeshwa kwa mapato ya wakfu, na maskini akatibiwa humo kama tajiri.

Wala tusidhani kwamba hayo ni ya nchi za mbali tu. Hapa Dar es Salaam, mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, Sewa Haji Paroo, alitoa mali yake ikajengwa hospitali iliyofunguliwa mwaka 1897, mwaka ule ule aliofariki. Zama hizo Wajerumani walikuwa na hospitali yao ya Ocean Road kwa ajili ya Wazungu, na hii ya Sewa Haji ikawapokea Waafrika na Wahindi. Mpaka leo jina lake limebaki katika jengo la wodi pale Muhimbili. Mali aliyoiacha kwa wagonjwa ndiyo inayotajwa; aliyoitumia kwa nafsi yake haimkumbushi mtu.

Ndugu Waislamu, nchi yetu haikukaa kimya katika jambo hili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati na vituo vya afya vilisambazwa vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi, wakisikiliza redio na kujifunza kuchimba vyoo, kusafisha maji na kujikinga na mbu. Mwaka 2007 ulianzishwa mpango wa kuwa na zahanati katika kila kijiji na kituo cha afya katika kila kata. Kwa hivyo mlango wa tiba umesogezwa karibu. Lakini tangu mwaka 1993, hospitali za Serikali zilipoanza kuwatoza wagonjwa, wengi huufikia mlango huo na kuzuiwa na dirisha la malipo. Umbali wa maskini hauhesabiwi kwa maili peke yake. Mtu anaweza kukaa jirani na hospitali ya Temeke au ya Mwananyamala, na tiba ikawa mbali naye kama ilivyo mbali na mkulima wa bonde la Rufiji.

Na huyo mkulima naye ni mgeni wetu. Barabara ya Kilwa huwaleta kila siku ndugu kutoka Mkuranga, Rufiji, Kilwa na Lindi, wakifikia kwa jamaa zao Mbagala ili watafute matibabu makubwa. Mwenye nyumba ya vyumba viwili huwa na wagonjwa wawili asiowatarajia. Wala tusiseme kwamba maradhi ya mwenzetu hayatuhusu. Kipindupindu kilichozuka mwezi Agosti 2015 kilianzia Kinondoni, kisha kikaenea mikoani, wala hakikubisha hodi kwa maskini peke yao.

Basi wajibu wetu ni upi? Tunataja mambo matatu.

La kwanza ni kuijua haki na kuifikisha kwa mwenyewe. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwaondolea malipo wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na ikaweka njia ya msamaha kwa maskini wengine. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo iliweka mfuko wa kuwagharamia wasio na uwezo. Lakini haki isiyojulikana ni kama haipo. Bibi kizee asiyejua kusoma hatalijua dirisha la ustawi wa jamii, na hufadhaika akiambiwa alete barua ya mtaa. Ninyi wanafunzi, mnaosoma na kuandika, mfuateni bibi huyo kwa mwenyekiti wa mtaa na mumfikishe hospitali. Hiyo ni sadaka isiyotaka fedha.

La pili ni kuchanga kabla ya maradhi. Kila msikiti na uwe na mfuko wa wagonjwa, wenye daftari, mweka hazina na mkaguzi. Zaka, kwa kauli ya wanavyuoni wengi wakiwamo wa madhehebu yetu ya Shafii, hukabidhiwa mwenye kustahiki iwe mali yake. Basi na apewe mgonjwa fakiri naye alipie tiba. Ama nauli, dawa na mchango wa bima wa kaya zisizojiweza, hayo hubebwa na sadaka. Kuna wanaosita juu ya bima kwa kuogopa riba na mikataba isiyobainika. Hawakosei kuuliza, na wawaulize wanavyuoni wao. Lakini kuuliza kusiwe kisingizio cha kukaa bure, kwani mfuko wa msikiti hauna shaka hiyo. Na akina mama, ambao ndio wanaojua ni nyumba gani moshi haujafuka siku mbili, wawemo katika kamati. Tena jina la mgonjwa lisitangazwe katika kipaza sauti. Sitara ya maskini ni sehemu ya dawa yake.

La tatu ni wakfu. Mwenye chumba cha duka barabarani na akifikirie chumba hicho: kodi yake ya mwezi ingeweza kuendesha mfuko huu hata baada ya yeye kuingia kaburini.

Ndugu Waislamu, hatusemi mpunguze heshima ya maiti. Tunasema jeneza lisiwe ndilo la kwanza kutukusanya mlangoni kwa jirani.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, wa mjini na wa mashamba. Waongoze madaktari na wauguzi wetu. Ilainishe mikono ya wenye mali, na utujaalie tumfikie jirani yetu angali akisikia sauti zetu. Amin.