Tupime Kabla ya Kubandika

Vigae vya Lamu huvushwa kwa chombo kutoka Mokowe. Kikivunjika kimoja, ni pesa ya kikundi hiyo. Basi tupange kwanza.

Tuseme ukuta wa bafu ni sentimeta 164, kigae 20, mwanya milimeta 2. Ukianzia pembeni, vinaingia vizima 8, kisha kunabaki sentimeta 2 na nusu hivi. Kipande chembamba namna hiyo kukikata ni kukivunja! Afadhali kigae cha kwanza kikae katikati ya ukuta: vizima 7, na kila pembe kipande cha 11.

Kuta za mawe ya matumbawe hazikunyooka, kwa hiyo msiiamini pembe. Teremsheni timazi.

Haya, nani ana penseli?