Ukoo Ulioshuka kutoka Ukinga

Leo tuko Tukuyu, na tunaanza na majina. Mwakyusa. Mwaipopo. Hiyo Mwa- ni kama kusema mtoto wa fulani, watu wa fulani. Iondoe, anayebaki ni babu. Na mababu wa koo za kichifu za Rungwe, ukiwafuata mmoja baada ya mwingine, hawaishii hapa. Wanapanda safu ya Livingstone na kutokea Ukinga, huko Makete ya leo. Wenye nchi walikuwa wageni.

Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa na Wanyakyusa, watu wa Rungwe, kati ya mwaka 1934 na 1938, walihesabishiwa vizazi kama kumi tangu ukoo huo ushuke. Walikuja, wazee walisema, na ng'ombe, na mazao, na moto. Waliowakuta walikuwa wakila vyakula vibichi. Hapo mimi hucheka kidogo. Baridi ya Rungwe, na mvua ile, halafu watu waishi bila moto? Lakini angalia msimuliaji ni nani: ni mjukuu wa aliyeleta moto.

Tuhesabu basi hivyo vizazi. Kwa malafyale, yaani chifu, kizazi kilikuwa na alama yake, nayo ni ubusoka, sherehe ya kuwatoa vijana na kuwakabidhi nchi. Ilifanyika mara moja tu kila baada ya miaka thelathini hivi. Wana wawili wa chifu walitawazwa na nchi ikagawanywa kati yao. Siku hiyo miti ilipandwa. Ikakua, na chifu alipozikwa pale pakawa kichaka kitakatifu, hakuna wa kutia panga. Kwa hiyo nasaba ya Rungwe iliandikwa ardhini kwa miti. Ubaya wake ni kwamba nchi ikigawanyika sehemu mbili kila kizazi, matawi yanaongezeka upesi, na tawi lililoshindwa halina wa kulitaja.

Kuna mtego mwingine. Mkuu wa ukoo huu aliitwa Lwembe, wa Lubaga, hapa hapa jirani na Tukuyu. Lakini kila aliyerithi kiti aliitwa Lwembe pia! Ukisikia "Lwembe alifanya hivi," uliza: yupi? Na kurithi kwenyewe watu walikukimbia, maana Lwembe hakuachwa afe kwa ugonjwa. Akizidiwa, wazee walimziba pumzi, wakiwa wamekwisha kuchukua nywele na kucha zake ili rutuba isiondoke naye.

Ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Karonga, Malawi, ni vivyo hivyo. Wangonde wana Kyungu, naye asili yake inatajwa kuwa Ukinga, na hilo nalo ni jina la kiti. Mpaka wa wakoloni ulipita katikati ya ndugu.

Halafu yuko Kyala. Masimulizi mengine humfanya ndugu yake Lwembe, na pango lake, Pali-Kyala, liko karibu na ufuo wa Ziwa Nyasa. Wamisionari Wajerumani walifika mwaka 1891, Wamoravian wakajenga Rungwe. Lilipotafutwa neno la Kinyakyusa la Mungu, likatwaliwa jina hilo. Kwa hiyo Jumapili, kanisani Tukuyu, waumini wanamwomba Mungu kwa jina ambalo masimulizi yanaliweka ndani ya ukoo wa wahamiaji.

Na wenyeji waliokutwa je? Orodha yao ya mababu haikukaririwa barazani, kwa kuwa hawakuwa na kiti cha kudai. Lakini mafumu, wakuu wa vijiji, walitoka kwa raia, si kwa machifu. Nguvu zao za usiku, zile watu wa huku walizoziita pumzi ya watu, ziliaminika kumtia chifu homa akila nyama peke yake. Chifu alikuwa na nasaba ndefu, na bado alilazimika kuwachinjia.