Hongo, Nauli na Daraja

Ndugu zangu wa Mwanza,

Wengi wenu mmevuka Mto Mirongo kuja hapa, wala hakuna aliyewadai senti. Zamani njia ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alilipwa.

Naanza na neno hongo. Leo ukilitamka watu wanawaza rushwa. Karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora ulipofika Ugogo ulimlipa mtemi hongo mchana kweupe: vitambaa, shanga, nyaya. Wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, walilipa mwaka 1857, na mwaka uliofuata Speke akafika kwenye ziwa letu hili. Wazungu wengi waliopita njia ile waliiona hongo kuwa unyang'anyi. Mimi nawapinga. Ugogo ni nchi kame, na msafara wa mamia ya watu ulikunywa maji ya visima vya wenyeji na kula nafaka yao. Mtemi alikuwa na haki ya kudai, na aliyelipa alijua amelipia nini. Hongo ya leo haina hata moja kati ya hayo mawili.

Tazameni London. Daraja lao la mawe lilianza kujengwa mwaka 1176, likakamilika 1209. Wapitaji walitozwa ushuru, na nyumba na maduka yaliyojengwa juu ya daraja lenyewe yalilipa kodi ya pango. Fedha ziliwekwa katika mfuko wa kulitunza. Daraja jipya lilipofunguliwa mwaka 1831, lile la kale likavunjwa. Mfuko ukabaki, na mpaka leo unatunza madaraja matano ya Mto Thames. Miaka zaidi ya 800! Kwangu mimi, mfuko huo ni kazi kubwa kuliko yale mawe.

Huku kwetu, Mombasa walikuwa na daraja la kuelea la Nyali tangu 1931, nalo lilikuwa la kulipia. Daraja la Kigamboni, Dar es Salaam, lilifunguliwa mwaka 2016, na sehemu kubwa ya fedha zake ilitoka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Maana yake, dereva anayelipa pale anarudisha akiba ya wafanyakazi. Ni deni halali, lakini ni wangapi wanaoambiwa hivyo wanapokata tiketi?

Sisi wa Kigongo na Busisi tulilipa nauli ya pantoni, kisha tukalipa tena kwa muda. Nimekaa kwenye foleni ile usiku, mgonjwa akiwa ndani ya gari, ng'ambo tukiiona kwa macho. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua pale pale Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji.

Ombi langu kwa wenye mamlaka ni moja: popote mwananchi anapotozwa ili avuke, hesabu zibandikwe pale pale langoni, kwa Kiswahili, azisome kabla hajatoa fedha yake.