Stima ya Jua na Stima ya Upepo: Ipi Itamfaa Mfanyakazi?

(Haya ni maneno ya hotuba ambayo Kamati ya Elimu ya tawi letu iliwasomea wanachama. Wengi waliokuwa zamu siku ile waliomba wayapate kwa maandishi, na kwa hivyo tumeyapiga chapa hapa.)



Tumeombwa tuseme juu ya jambo linalozungumzwa sana wakati wa chai, nalo ni stima ya nyumbani. Wengi wetu twafanya kazi mjini, lakini nyumba tulizojenga kwa jasho letu ziko mashambani. Pengine waya wa stima haujafika huko, au umefika lakini nguzo ya mwisho iko mbali na boma. Watoto wanasoma kwa koroboi na moshi unawaingia machoni. Kisha anakuja mchuuzi na karatasi zenye picha nzuri. Huyu anauza paneli za jua, yule anauza kinu cha upepo, na kila mmoja anaapa kwamba chake ndicho bora. Mfanyakazi anatia sahihi, na makato yanaanza.

Hayo makato ndiyo yanayotuhusu sisi kama chama. Twapigania nyongeza ya mshahara mwaka mzima, kisha nyongeza hiyo hiyo yatoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu ya kununua kitu kisichofaa. Mwenye kujua hesabu hadanganywi upesi. Basi leo tufanye hesabu pamoja.

Kwanza tujue nyumba yahitaji nini. Stima hupimwa kwa wati, na kazi iliyofanyika hupimwa kwa wati-saa, yaani wati mara saa. Chukua nyumba ya kawaida. Taa 4 za kisasa, kila moja wati 5, zikiwaka saa 5 kila usiku, ni wati-saa 100. Redio ya wati 5 ikilia saa 6 ni wati-saa 30. Kuchaji simu 3 ni kama wati-saa 30 tena. Televisheni ndogo ya wati 30 ikitazamwa saa 4 ni wati-saa 120. Jumla ni 280 kwa siku. Pasi na jiko la stima tuyaache kando, maana pasi moja hula wati 1,000 na zaidi, na hakuna mtambo mdogo utakaoibeba. Kumbukeni hiyo 280, kwa sababu ndiyo mizani tutakayotumia kupima jua na upepo.

Sasa tuanze na jua. Paneli ya kwanza ya silikoni iliyofaa kwa kazi ilionyeshwa Marekani mwaka 1954 katika maabara ya Bell. Iligeuza kama sehemu 6 tu katika 100 za nguvu ya jua kuwa stima. Paneli za siku hizi hugeuza kama sehemu 20. Hapa kwetu Kenya habari hii si ngeni. Mwaka 1984 mhandisi Harold Burris kutoka Marekani, pamoja na mwalimu Mark Hankins, waliweka taa za jua katika shule ya Karamugi huko Meru. Walimu waliona taa zile, nao wakataka za nyumbani kwao. Wakulima wa kahawa na chai wakafuata, wakinunua kwa fedha zao wenyewe. Kwa hivyo mtu asiwaambie kwamba sola ni jambo la kujaribiwa. Imejaribiwa na watu kama sisi.

Paneli iliyoandikwa wati 100 hutoa wati 100 jua likiwa kali kabisa. Asubuhi na jioni hutoa kidogo. Ukijumlisha siku nzima, sehemu nyingi za nchi yetu hupata kama saa 4 hadi 6 za jua kali. Tukichukua saa 4 na nusu, paneli hiyo yatoa wati-saa 450. Toa theluthi moja inayopotea kwa joto, vumbi, waya na betri, zabaki 300. Nyumba yetu yataka 280. Basi paneli moja ya wati 100 yatosha, ila kwa shida kidogo. Kwa mwenzetu wa Limuru au Nyeri, ambako mwezi wa saba mawingu hukaa siku nyingi, twasema anunue ya wati 150 au 200.

Sasa tuje kwenye upepo, na hapa tunaomba msikilize kwa makini. Upepo una sheria yake, na sheria hiyo haimhurumii mtu. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nane. Hiyo ni habari njema kwa mwenye upepo mwingi. Lakini geuza maneno: upepo ukipungua nusu, nguvu hubaki sehemu moja tu katika nane.

Chukua kinu kidogo ambacho mapanga yake yakizunguka hufanya duara lenye upana wa mita 1.2. Mchuuzi atakuambia kwamba ni cha wati 300 au 400. Hasemi uongo, lakini amekipimia katika upepo wa mita 12 kwa sekunde, upepo wa kutikisa miti mikubwa. Katika upepo wa mita 6, ule unaorusha mavumbi na karatasi njiani, kinu hicho chatoa wati 30 hivi. Katika upepo wa mita 3, ule ambao majani ya mti yanacheza tu, chatoa kama wati 4, na vinu vingi hapo bado havijaanza kuchaji betri. Wati 4 usiku na mchana hazifiki hata wati-saa 100. Nyumba yetu yataka 280. Mwenzetu atakaa gizani, na makato yataendelea kila mwezi.

Tuseme haki pia kwa upande wa upepo. Mahali ambapo upepo wa mita 6 unavuma mchana na usiku, kinu hicho hicho kitatoa wati-saa 700 au 800 kwa siku, kuliko ile paneli yetu. Tena upepo haujali usiku wala mawingu. Mtu wa Marsabit, wa ufuo wa Ziwa Turkana, au wa juu ya vilima vya Ngong, anaweza kusema hivyo bila kudanganya. Lakini nyumba zetu nyingi ziko wapi? Ziko bondeni, kati ya migomba, karibu na mikalitusi iliyopandwa ili kuzuia upepo. Kinu chataka kukaa juu ya nguzo, angalau mita 9 kupita mti au paa lolote lililo karibu. Nguzo hiyo yataka saruji, nyaya za kuishikilia, na waya wa kushusha radi ardhini. Mara nyingi nguzo na kazi yake hugharimu kama kinu chenyewe, na mchuuzi hakuiweka katika karatasi. Kukifunga kinu juu ya paa la mabati si dawa, maana upepo wa hapo umevurugika, na nyumba nzima yatetemeka na kunguruma usiku.

Tena kinu ni mashine inayozunguka. Ninyi mafundi wa karakana mwajua maana yake. Beringi huisha, panga hupasuka, boliti hulegea. Atakayepanda kukaza boliti ni nani, na mwenye nyumba yuko kazini Mombasa? Paneli haina kitu kinachozunguka. Yataka kupanguswa vumbi na kutofunikwa na kivuli, na ikiwa ni ya kweli itafanya kazi miaka 25.

Lakini labda mtu atauliza: Ikiwa upepo ni dhaifu hivyo, mbona serikali na kampuni wamejenga mashamba ya upepo? Swali ni zuri, na jibu lake ndilo kiini cha hotuba hii. Kule Loiyangalani, katika Marsabit, kuna vinu 365, kila kimoja kilowati 850, na jumla ni megawati 310. Nguzo ya kila kimoja ina mita 44, na duara la mapanga lina upana wa mita 52. Duara hilo lashinda lile la kinu chetu kidogo zaidi ya mara 1,800 kwa eneo. Limewekwa juu, mahali penye upepo mkali kuliko karibu kote nchini. Hata hivyo, vinu vile vilikamilika mwaka 2017 vikasimama bila kazi hadi mwaka 2018, kwa kuwa waya wa kwenda Suswa, wenye urefu wa zaidi ya kilometa 400, ulikuwa haujakwisha.

Sasa tazameni upande wa jua. Kule Garissa, mwezi wa Desemba 2019, ilifunguliwa stesheni ya jua ya megawati 50, imetandazwa juu ya hekta 85. Ni kubwa sana, lakini kila paneli iliyo pale yafanya kazi ile ile ifanywayo na paneli juu ya paa la mama yako kijijini. Kwa maneno mengine, sola ndogo ni ndugu halisi wa sola kubwa. Kinu kidogo cha upepo si ndugu wa kinu kikubwa, ni jina tu wanalochangia. Jua hukubali kugawanywa nyumba kwa nyumba. Upepo wataka ukubwa, wataka urefu, wataka watu wengi wachange na waya uwafikie wote. Upepo ni kama chama, mmoja peke yake hauwezi.

Kwa hivyo shauri letu ni hili. Ikiwa waya wa stima u karibu na nyumba yako na bei ya kuunganishwa waiweza, chukua waya. Ikiwa waya u mbali, nunua jua. Kinu cha upepo kisinunuliwe ila na mtu aliyepima upepo wa mahali pake miezi kadhaa, naye awe tayari kukitunza.

Lakini jua nalo lina mitego yake, na mtego mkubwa ni betri. Betri ya risasi na asidi, volti 12 na ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200. Usitumie zaidi ya nusu, kwa maana ukiimaliza kila usiku itakufa upesi. Nusu yake, 600, yatosha nyumba yetu siku mbili. Betri za lithiamu hudumu zaidi na hukubali kutumiwa karibu zote, ila bei yake ya kwanza ni kubwa. Betri ya asidi isiwekwe chumba cha kulala, maana hutoa hewa inayoweza kulipuka.

Na ikifa, usiivunje wala usimpe mtu wa kuichoma risasi yake nyuma ya nyumba. Ndugu zetu wa Owino Uhuru kule Mombasa waliishi karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na risasi ikaingia katika damu ya watoto na ya wafanyakazi wenyewe. Mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamua wenyeji walipwe shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikathibitisha. Fedha hizo haziondoi risasi mwilini mwa mtoto. Taa ya nyumba moja isiwe sumu ya nyumba nyingine.

Mtego wa pili ni ununuzi wa kidogo kidogo. Mtu akikuambia utalipa shilingi 50 tu kila siku, muulize siku ngapi. Zikiwa siku 500, hizo ni shilingi 25,000. Kisha uliza bei ya fedha taslimu, na uliza kama taa zitazimwa siku ukikosa kulipa. Mtego wa tatu ni fundi wa barabarani. Sheria yataka fundi wa sola awe na leseni, na siku hizi hutolewa na EPRA. Mwambie aionyeshe. Na umwombe aipime paneli kwa mita saa sita mchana kabla hujatoa shilingi, kwa kuwa kibandiko cha wati 100 hubandikwa hata juu ya paneli ya wati 60. Mwenye kupanga naye apatane na mwenye nyumba kwa maandishi kwamba vyombo ni vyake na ataondoka navyo.

Mwisho, twaomba wale wanaotaka sola waandike majina kwa katibu wa tawi. Watu ishirini wakinunua pamoja kwa mkopo wa chama chetu cha akiba, watapata bei ya jumla na fundi mmoja mwenye leseni, na wakionewa watakuwa na sauti moja. Mtu mmoja mbele ya mchuuzi ni kama mtu mmoja mbele ya tajiri. Hesabu ya nyumba yako ifanye wewe mwenyewe, leo usiku, kwa kalamu na karatasi. Kisha njoo nayo.

Umoja ni nguvu.