Kasumba Shambani na Jikoni



Leo nazungumza juu ya kasumba. Kasumba ni dawa ya kulevya, lakini upo na ulevi mwingine tunaouita hivyo: kudhani cha mgeni ni bora na cha kwetu ni ushamba.

Tuanze na milima yetu. Tangu mwaka 1950 hivi, serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Walitaka kuzuia mmomonyoko, na mmomonyoko ulikuwapo kweli, tusidanganyane. Lakini udongo wa huku juu ni mwembamba. Ukichimba ngazi pana, unafukia ule wenye rutuba na kuleta juu ule usiozaa. Mazao yanadumaa. Wakulima walisema. Nani awasikilize? Hawakuwa na vyeti! Julai 1955 hasira zikalipuka kule Matombo, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa. Mwaka ule ule mpango ukaachwa. Baadaye wataalamu wakaja kuandika vitabuni jambo lile lile la udongo.

Na wazee walikuwa na namna yao. Walilaza magugu kukingama mteremko, wakayafunika udongo. Yalizuia maji, yakaoza yakawa mbolea.

Sasa njooni jikoni. Mgeni akifika tunaficha mnavu na mlenda, tunakimbilia kabichi. Magimbi tunayaita chakula cha njaa. Sisemi kabichi ni mbaya. Ndugu zetu wa Mgeta wanaiuza na kusomesha watoto. Hata mahindi na mihogo asili yake ni bara la Amerika, nasi tumeyafanya yetu. Ubaya ni aibu. Mama mwenye aibu hamfundishi binti yake kutunza mbegu, na bibi akifa zimekwenda.

Hapo ndipo kisomo kinapoingia. Wapo wanaojua kusoma wakawacheka wasiojua. Hiyo ni kasumba ile ile, imevaa miwani tu.

Basi juma lijalo kila mmoja aje na daftari. Muulize mzee mmoja jina la mboga kwa Kiluguru, huota wapi, huchumwa lini, hupikwaje. Andika kama alivyosema. Hata ukiona si kweli, wewe andika; tutajaribu katika bustani ya darasa. Na mwenye mbegu za mnavu alete kidogo, azifunge kwenye karatasi.