Zamu ya Usiku Kythnos

Nimetakiwa niseme machache juu ya likizo yetu ya mashua ya matanga katika visiwa vya Ugiriki.

Tulikuwa sita wa darasa moja, na nahodha Mgiriki. Kutoka Piraeus tulipita Aegina na Poros, kisha Hydra, ambako magari yamepigwa marufuku na mizigo hubebwa na punda na nyumbu. Picha zitazunguka mezani.

Mimi nitasema habari za Kythnos tu. Huko ulitukuta upepo wa kaskazini uitwao meltemi, uvumao Julai na Agosti hata kama anga halina wingu. Nahodha akakataa kutoka. Gatini kule chombo hufungwa kwa tezi, na nanga hutupwa upande wa omo. Nanga ikiburura, tezi hupiga mawe. Basi zamu ya usiku wa manane nikapangwa na mwenzetu mmoja ambaye, tulipokuwa Kidato cha Pili, alichapwa viboko sita kwa mkate nilioiba mimi. Miaka karibu 30 tumesalimiana vizuri bila kuligusa jambo hilo.

Nikamwambia. (Ofisini nimeandika barua ngumu kuliko hiyo, lakini barua mtu huweza kuirudisha jaladani.) Akashika kamba kwanza, akaona imekaza, ndipo akajibu: "Nilijua siku ile ile. Ulinuka siagi."

Yupo hapa leo. Amenikataza kumtaja jina, na mkate wenyewe bado ananidai.