Umelala Saa Ngapi? Usingizi, Afya na Zamu ya Usiku



Mgonjwa akifika mbele yetu tunampima joto, presha na uzito. Ni nadra kumuuliza analala saa ngapi na kuamka saa ngapi. Naomba swali hilo liingie kwenye faili, na tulianze kwa wenzetu wa zamu ya usiku.

Nianzie Ziwa Eyasi. Mwaka 2015, Gandhi Yetish na wenzake walichapisha vipimo vya usingizi wa Wahadzabe waishio huko, Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Kwa wastani makundi hayo yalipata usingizi wa saa 5.7 hadi 7.1 kwa usiku. Jua likizama hawalali papo hapo. Hukaa macho kwa wastani wa zaidi ya saa tatu. Hata hivyo, waliolalamika kukosa usingizi walikuwa wachache mno. Kwa maoni yangu, hazina yao si wingi wa saa. Ni mpangilio: saa ya kuamka haiyumbi sana kutoka siku moja hadi nyingine.

Muuguzi wetu hana mpangilio huo. Wiki hii yuko usiku, wiki ijayo asubuhi. Presha ambayo kwa kawaida hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 mtu anapolala usiku, kwake huenda isishuke hivyo. Sukari nayo huyumba: katika jaribio la Chicago lililochapishwa mwaka 1999, vijana 11 wenye afya walipewa saa 4 tu za kuwa kitandani kwa siku 6, na miili yao ikashindwa kuishughulikia sukari kama kawaida.

Kwa upande wa akili, tumezoea kusema sonona ndiyo inayoleta kukosa usingizi. Njia hiyo ina pande mbili. Uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kuwa asiye na sonona lakini anakosa usingizi yuko kwenye hatari ya kuipata takriban mara mbili ya anayelala vizuri. Linalonitisha zaidi ni jaribio la mwaka 2003: watu waliolala saa 6 kila usiku kwa wiki mbili walipungua umakini kama waliokesha usiku mzima, ila wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu. Nakumbuka alfajiri moja zamani, nilisoma kipimo cha dawa mara tatu na namba isiniingie. Mwenzangu ndiye aliyenishika mkono.

Na mchana tunalala wapi? Bati linawaka, mashine ya kusaga inanguruma, jirani anabisha hodi, na mama wa nyumba hawezi kuacha watoto na njaa. Anayelala saa nne asubuhi huitwa mvivu. Familia zinahitaji kuelezwa kwamba huo ndio usiku wake.

Napendekeza zamu zizunguke kwa kusonga mbele, asubuhi kwenda mchana kisha usiku, na zitangazwe mapema. Dakika 20 za kujilaza katikati ya zamu ziruhusiwe, mwenzako akiwa macho wodini.

Ndugu Mwenyekiti, nimekuja na ratiba ya zamu ya mwezi ujao. Naomba tuifungue mezani, tuanze na majina yaliyopangwa usiku kisha asubuhi bila siku ya mapumziko.